Kipupwe Kinapoingia, Fungua Madaftari Kabla ya Kuuliza Alama

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, mvua za masika zinapokatika Arusha, mawingu yakaufunika Mlima Meru siku nyingi mfululizo na sweta zikatolewa masandukuni, shule za msingi huwa zimefikia hatua ambayo wazazi wengi huitazama kwa jicho moja tu, yaani mitihani ya kufunga muhula na ripoti inayokuja nyumbani na mtoto. Muhula wa kwanza, uliofunguliwa Januari, hufungwa mwanzoni mwa Juni. Watoto hukaa nyumbani karibu mwezi mzima, kisha hurudi darasani mapema Julai baridi ikiwa imekolea. Nilifundisha shule za msingi mkoani hapa hadi nilipostaafu, na sasa ninalea wajukuu wawili, mmoja wa darasa la pili katika shule ya serikali na mwingine wa darasa la tano katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kwa hiyo kipindi hiki nakifahamu nikiwa upande wa chaki na nikiwa upande wa kununua viatu. Ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni kwamba katika majuma haya ya mwanzo wa kipupwe, kabla hujamuuliza mtoto amepata ngapi au amekuwa wa ngapi, fungua madaftari yake ujue anajifunza nini.

Alama 62 ya Hisabati haikuelezi kama mtoto ameshindwa kugawanya au ameshindwa kulisoma swali lenyewe. Daftari linakueleza. Humo utaona kazi ilipoishia, kalamu nyekundu ilipopita na isipopita, masahihisho yaliyofanywa na yaliyoachwa, na kurasa ambazo mtoto alinukuu nusu ya yaliyokuwa ubaoni kwa sababu kipindi kilikwisha. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kukaa na kila mtoto akafuatilia kosa moja hadi mwisho wake. Hilo ni jambo ambalo mzazi anaweza kulifanya mezani kwake bila kuwa na cheti cha ualimu.

Niwaanzie wadogo. Mtoto wa darasa la kwanza, katikati ya mwaka, huwa ameshazifahamu irabu na silabi za kawaida na anaingia kwenye silabi zenye konsonanti zaidi ya moja, kama mba, nda, nya, sha na ng'o. Hapa ndipo wengi hukwama, na hukwama kimyakimya, kwa sababu mtoto mwerevu hujua kujificha nyuma ya kumbukumbu. Nimewaona watoto wakisoma ukurasa mzima wa kitabu bila kosa huku macho yao yakiwa dirishani. Wamekariri. Njia ya kulibaini hilo ni rahisi: funika picha, anza katikati ya ukurasa, mwombe asome sentensi ya mwisho kabla ya ile ya kwanza, au umwandikie kwenye karatasi maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine. Akisita, usimkaripie. Rudini kwenye silabi anayoikwepa, na mfanye silabi hiyo moja jioni ile badala ya ukurasa mzima. Kwa watoto wa huku kwetu, ambao nyumbani wanasikia Kichaga, Kimeru au Kimaasai, sauti za dh na th zinastahili muda wa ziada, kwa kuwa mtoto anayetamka z mahali pa dh ataandika z, na mwalimu atamkata alama kwa kosa ambalo masikio yake hayalisikii.

Katika Kuhesabu, darasa la pili huwa katika kujumlisha na kutoa namba ambako makumi na mamoja yanaanza kubadilishana. Nilipolifungua daftari la mjukuu wangu likizo ya Juni iliyopita nilikuta 52 kutoa 27 ameandika 35, na chini yake 61 kutoa 38 ameandika 37. Mtu anayetazama alama za kupata na kukosa tu angesema hajui kutoa. Lakini ukiyatazama majibu hayo kwa makini utaona kwamba anajua kutoa, ila kila safu ameondoa tarakimu ndogo kwenye tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu, kwa kuwa hajaelewa kwamba kumi moja inaweza kufunguliwa ikawa mamoja. Tulichukua vijiti, tukafunga mafungu matano ya kumikumi na kuweka viwili pembeni, nikamwambia anipe saba. Alivitazama vile viwili, akanitazama mimi, kisha akaanza kuifungua raba ya fungu moja bila kuambiwa. Vihesabio vya namna hii havina gharama. Vijiti, mbegu za maparachichi au vizibo vya soda vinatosha, na vinafanya kazi ambayo kurudia maelezo mara kumi hakuifanyi.

Kwa darasa la tatu na la nne, msimu wenyewe unaleta vifaa nyumbani. Juni kuna mahindi mabichi ya kuchoma kila kona, na kuanzia Julai mahindi makavu yanavunwa katika maeneo mengi ya chini ya milima ya Meru na Kilimanjaro, kwa hiyo kupukuchua ni kazi ya kila jioni kwa familia nyingi. Mpe mtoto hindi moja lililokauka vizuri umwambie ahesabu mistari ya punje kuzunguka gunzi. Atapata 12, au 14, au 16. Mpe jingine. Kila mara atapata namba shufwa, na akileta witiri mwambie ahesabu upya, kwa maana huenda mstari mmoja umekatika njiani akauhesabu mara mbili. Sababu iko katika maumbile ya muhindi: maua yake ya kike hujipanga kwenye gunzi jozi kwa jozi, na ndiyo maana mistari ya punje nayo huenda kwa jozi. Hapo umegusa namba shufwa na witiri na umegusa Sayansi ya mimea. Kisha ahesabu punje za mstari mmoja, tuseme 36, azidishe kwa mistari 14, apate 504, halafu apukuchue hindi lote na kuzihesabu punje zenyewe ili aone jibu lake limekaribia kiasi gani. Jibu halitalingana kabisa, kwa sababu mistari hailingani urefu, na mazungumzo ya kwa nini halilingani yana thamani kuliko lile zidisho lenyewe. Sehemu nazo, pamoja na kiasi na asili (namba ya juu na ya chini ya sehemu) vinavyowasumbua darasa la nne, zinakaa vizuri kwenye hindi lililokatwa vipande vinne. Nawahimiza wazazi wa darasa la nne zaidi kwa sababu upimaji wao wa kitaifa unafanyika kuelekea mwisho wa Oktoba, na mtoto anayeufikia Septemba bila kujua jedwali la kuzidisha atautumia muda wote uliobaki kupambana na jedwali badala ya kujifunza mambo mapya.

Saa ni mada nyingine ya rika hili ambayo shule haiwezi kuimaliza peke yake. Mtoto anasoma saa 2:30 asubuhi katika Kiswahili na Hisabati, kisha katika somo la Kiingereza wakati huohuo unahesabiwa kuwa saa nane na nusu, na ikiwa nyumbani hakuna saa yenye mishale, yote mawili yanabaki maneno matupu. Nunua saa ya ukutani ya bei ndogo. Simu haifundishi saa.

Nikija kwa darasa la tano na la sita, hapo ndipo kipupwe chenyewe kinakuwa somo, kupitia Jiografia na Mazingira pamoja na Sayansi. Nilibaini mwaka jana kwamba mjukuu wangu mkubwa alikuwa akiamini mambo mawili yanayopingana: kitabu chake cha hadithi kilichochapishwa ng'ambo kilimwonyesha watoto wakicheza kwenye theluji mwezi Desemba na kuuita msimu huo wa baridi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka Julai. Alikuwa ameamua kwamba kitabu ndicho chenye haki. Katika shule za mchepuo wa Kiingereza, ambazo hapa Arusha na Moshi ni nyingi, jambo hili linawapata watoto wengi, na mwalimu asipolisema wazi mtoto hubaki nalo hadi sekondari. Ukweli ni kwamba dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa takriban nyuzi 23 na nusu, na kwa sababu hiyo nusu ya kaskazini na nusu ya kusini hupokezana majira. Juni jua la utosini liko kaskazini mwa ikweta, Desemba liko kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 3, kwa hiyo Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi hata kama ubaridi wake si ule wa kuganda maji.

Watoto wengi watakujibu kwamba baridi inakuja kwa sababu dunia imekuwa mbali na jua. Jibu hilo linavutia kwa kuwa nusu yake ni kweli: dunia huwa mbali zaidi na jua mapema Julai, kilomita milioni 152 hivi, na karibu zaidi mapema Januari, kilomita milioni 147 hivi. Muulize mtoto: kama umbali ndio unaoleta baridi, mbona Julai hiyohiyo watu wa Uingereza wako katika msimu wao wa joto? Mwache na swali hilo kwa siku moja au mbili kabla ya kumpa jibu.

Halafu mtoke nje. Siku mawingu yanapofunguka adhuhuri, na hutokea hata katikati ya Julai, simika ardhini fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1, na kati ya saa 6:30 na saa 6:40 mchana, wakati jua linapofika juu kabisa kwa Arusha, mtoto apime kivuli. Mwishoni mwa Juni kitakuwa nusu mita hivi, na kitaelekea kusini, yaani kwa sisi wakazi wa mjini kinauelekeza mgongo Mlima Meru. Aandike tarehe na urefu kwenye daftari la likizo, arudie kila wiki jua likiruhusu, na arudie tena Desemba, ambapo kivuli kitakuwa kimehamia upande wa pili wa fimbo na kufupika hadi sentimita 36 hivi. Sijaona zoezi jingine lisilo na gharama linalomfanya mtoto akubali kwa macho yake kwamba jua linahama.

Baridi ya huku ina sababu nyingine pia, ambayo darasa la tano wanaweza kuielewa bila shida. Pepo za kusi, zinazovuma miezi hii kutoka upande wa bahari, hupanda miteremko ya Kilimanjaro na Meru zikiwa na unyevu, hupoa kadiri zinavyopanda, na mvuke wake hugeuka mawingu yanayokaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana Moshi, iliyo upande wa kusini wa mlima, inaweza kukaa wiki nzima bila kukiona kilele cha Kibo. Mpe mtoto na hesabu yake: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa karibu mita 500, kwa hiyo Arusha itarajie kuwa baridi kuliko Moshi kwa nyuzi 3 hivi, na jamaa wakikutembelea kutoka Moshi utawasikia wakilihakikisha hilo bila kipimajoto. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Ikiwa Moshi ni nyuzi 25, mtoto akokotoe mwenyewe kwa nini kule juu maji yanaganda.

Kuna jambo moja la asubuhi ambalo wazazi wengi hulichukulia kuwa uvivu. Julai jua linachomoza Arusha karibu saa 12:40 asubuhi, ilhali mwanzoni mwa Novemba linachomoza dakika 30 hivi mapema zaidi. Mtoto anayeamka saa 11 ili awahi gari la shule au usafi wa mazingira anaamka gizani, anasafiri gizani, na anafika shuleni kabla hajapata joto. Vipindi vya kwanza vya asubuhi, ambavyo shule nyingi huvitenga kwa Hisabati, vinamkuta na vidole vimekakamaa. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye vidole vya baridi huandika vibaya, na mwandiko wake wa Julai ukiwa mbaya kuliko wa Machi usiseme amerudi nyuma kabla hujamwekea sweta la mikono mirefu na uji wa moto kabla ya kutoka. Jioni, kazi za nyumbani zifanyike mapema, kukiwa bado na mwanga. Na kwa sababu ya baridi hiyo wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wasome wakiota moto, madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wa mkaa usioonekana wala kunusika unaua, na jiko likae nje.

Kuhusu likizo yenyewe ya Juni, nina malalamiko. Shule moja ambayo sitaitaja ilimpa mjukuu wangu rundo la maswali yaliyochapishwa kutoka mitihani ya miaka iliyopita, kurasa zisizopungua hamsini, tukalipia uchapishaji, na Julai ziliporudishwa hazikusahihishwa. Mtoto alijifunza kwamba kazi ya likizo ni kujaza karatasi. Ukipewa rundo kama hilo, lipitie kwanza wewe, uchague maswali ya mada alizoshindwa kwenye mtihani wa kufunga muhula, na mfanye hayo tu, machache kwa siku, kila moja likisahihishwa siku hiyohiyo. Tuisheni ya likizo naikubali kwa masharti: iwe na watoto wachache, na mwalimu wake awe ameona daftari la mtoto, si ripoti peke yake. Vitabu si kisingizio, kwani Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake na vinasomwa bure.

Kwa darasa la saba siwezi kusema mengi ya kupendeza. Mtihani wao wa taifa ni Septemba, kwa hiyo Juni na Julai kwao ni marudio na mitihani ya utimilifu, na ushauri wangu pekee ni mtoto alale vya kutosha na afanye masahihisho ya kila mtihani wa majaribio kabla ya kupewa mwingine. Wazazi wa watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanapaswa kukumbuka jambo la ziada: mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023 unafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 watoto hao watamaliza darasa la sita pamoja na wale wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba. Hesabu ya miaka waliyobakiwa nayo ifanywe kwa mtaala wao, si kwa mtaala wa kaka na dada zao.

Mtaala huo pia umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na msimu huu una mengi ya kulihudumia. Kahawa huanza kuiva na kuchumwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuanzia Julai. Mtoto anayeona cheri nyekundu zikipimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika yuko tayari kusikia jinsi wakulima wa Moshi walivyoanzisha ushirika wa KNCU mwaka 1933. Ila achume Jumamosi. Mtoto anayezuiwa kwenda shule kwa sababu ya kahawa katika wiki za kwanza za muhula anakosa mada mpya zikiwa zinaanza, na mada zikianza bila yeye ni vigumu kuzidaka. Agosti 8 kuna Nane Nane, na kwa kanda ya kaskazini maonyesho hufanyika viwanja vya Themi, hapa Njiro. Mpeleke siku yenye watu wachache, akiwa na daftari na maswali matatu aliyoyatunga mwenyewe ya kumuuliza bwana shamba.

Julai shule zikifunguliwa, nenda ukamwone mwalimu wa darasa, ila usiende siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo anaandikisha, anapokea wanafunzi waliohamia na kugawa madawati. Nenda siku ya tatu au ya nne, wakati wa mapumziko ya uji, ukiwa na daftari la mtoto mkononi na ukurasa wenye tatizo umekunjwa pembe. Usimuulize kwa nini mtoto ameshuka nafasi. Muulize azimio lake la kazi linaonyesha mada gani kuanzia Julai hadi Septemba, uziandike, na umwonyeshe ule ukurasa. Walimu hawazoei kuulizwa maswali ya namna hiyo, na wengi wao watavuta kiti.